Shahidi Asiye na Hamu

Hadithi nyingi huitwa zije. Hii haikungoja kuitwa. Ilikuja yenyewe kwa miguu, na vumbi lake, ikakaa. Basi tuipe maji kwanza, kisha tuisikilize.

Palikuwa na mzee mmoja, Feruzi, mtu wa kutangatanga. Chuoni alifika juzuu ya tatu, shule aliipitia dirishani, mengine yote alifundishwa na njia. Miaka sita kabla ya habari hizi alimwacha mkewe, Mwanamvua, nyumbani kwa dada yake, akaondoka. Hawakugombana. Mwanamvua aliingiwa na maradhi ya ubongo. Akaanza kusahau chumvi, kisha akasahau njia ya kisimani, kisha akamsahau Feruzi. Siku moja akamtoa mbio kwa mchi, akimwita mwizi. Feruzi akasema moyoni, "Huyu si yule," akafunga kifurushi chake. Tangu hapo hakukaa nchi moja zaidi ya msimu mmoja, na kila alikofika alikuta hamu imeshatangulia, imemtandikia kitanda.

Katika kuzunguka huko ndipo alipofika Bayana.

Bayana ni nchi safi, na watu wake hawana makuu ila kwa jambo moja. Wanaamini kwamba mtu ni kile alichokichagua, basi. Kijana akitimiza miaka ishirini huenda Ofisi ya Nafsi, akaeleza mbele ya makarani yeye ni mtu wa namna gani. Maelezo yake huchongwa kwenye kibao, kibao hutundikwa mlangoni kwake, na kuanzia siku hiyo hujulikana. Ukipita mtaani unasoma: "Hapa anakaa mtu mpole, asiyependa mbaazi." Au: "Huyu ni mkali lakini hukubali kosa." Salamu yao ni "Umechagua nini?" na jibu lake ni "Nimechagua heri." Feruzi alimwona bwana mmoja akitumbukia mtaroni, na kabla hajanyanyuliwa akapaza sauti, "Nimechagua kuanguka!" ili jirani zake wasije wakadhani kuna kitu kimemwangusha bila ruhusa yake. Harusini alimwona bibi mmoja aliyeshikwa na kwikwi. Kila kwikwi ilipomtoka alisimama kuitangaza kuwa ni yake. Feruzi hakumcheka, kwa kuwa hata kwao aliwahi kuona watu wakijisifia kimo walichorithi.

Mpakani alipokewa na karani mnene, mcheshi, aitwaye Kibwana.

"Mzee, cheti chako cha nafsi?"

"Sina."

"Huna! Sasa asubuhi ukiamka unajijuaje?"

"Najaribu viatu. Vikinienea, ni mimi."

Kibwana alicheka hata akafuta machozi, kisha akasema haraka, "Nimechagua kucheka." Akamwangalia Feruzi juu hadi chini kama anayepima kitambaa. "Mzee wangu, umekuja kama mvua iliyoombewa dua. Tuna kesi, na tunatafuta mgeni."

Akamweleza. Sheria ya Bayana juu ya mtu aliyebadilika ina milango miwili. Mtu akitenda kinyume cha kibao chake, huenda amechagua kuwa mbaya. Huyo hupelekwa mlimani kupasua mawe mpaka achague vizuri. Au huenda ameondoka, na aliyemo ndani ya mwili wake sasa ni mpangaji tu. Ikiamuliwa kuwa ameondoka, hufanyiwa matanga. Yeye mwenyewe huketi papo hapo mkekani, akala wali wa matanga yake, na wapangaji wengine huwa na adabu hata wakawapa pole wafiwa. Kisha kibao huteremshwa, mpangaji hupelekwa Nyumba ya Wapangaji, mke au mume huwa huru. Na yeyote atakayemwita mtu huyo kwa jina lake la zamani, hata akiwa mama mzazi, atakuwa na kosa la kufufua.

"Na mlango wa tatu?" Feruzi akauliza.

"Wa tatu wa nini, mzee? Nyumba ya milango mitatu huingiza upepo."

Sasa, kuamua mtu yumo au ameondoka kunahitaji shahidi, na Wabayana wamegundua kwamba ndugu hawafai. Ndugu huona wanachotaka kuona. Hamu, husema, ni mtoto wa jicho: humfunika mtu huku akidhani anaona. Kwa hiyo sheria inataka mgeni, akae nyumba moja na mshtakiwa siku tisa, kisha aape mbele ya Baraza la Upambanuzi kwamba hana hamu na mtu yeyote duniani, aliye hai au aliyekwenda. Hapo ndipo atoe ushahidi.

"Una hamu na mtu, mzee?" Kibwana akauliza, kalamu mkononi.

"Mimi mpita njia," akajibu Feruzi. Kibwana akaandika: hana.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa ya Mwinjuma, seremala. Mlangoni kibao kilisema: "Mtu wa maneno machache. Hacheki ovyo. Hagusi cha mtu. Haonyeshi la moyoni." Ndani ya ua alikuwepo mwanamume mwenye mvi, ameinama juu ya meza ya kazi, anapiga randa. Ubao uliokuwa chini ya randa ulikuwa mwembamba kama chapati ya maji, ukawa mwembamba zaidi, mpaka nuru ikapenya. Mwisho ukawa haupo. Randa haikusimama. Iliendelea kwenda na kurudi juu ya meza tupu, ikaanza kuila meza.

Mwanamke akatoka jikoni akajifuta mikono, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe. Huyo ndiye Mwasiti.

"Basi, baba. Ubao umekwisha."

"Umekwisha?"

"Umekwisha."

Mwinjuma akaangalia maranda yaliyomfika magotini. Uso wake ukachanua. "Mwasiti, nakupenda."

"Haya."

"Nakupenda sana, Mwasiti."

"Haya, baba, nimesikia."

Kisha Mwinjuma akamgeukia mgeni. "Na wewe nani, mwenye masikio kama vifuniko vya chungu?"

"Msamehe, kaka," Mwasiti akasema. "Si yeye. Yaani ni yeye. Yaani…" Akakomea hapo, maana neno lolote ambalo angeongeza lingekuwa ushahidi.

"Hajakosea," Feruzi akasema. "Masikio yangu ni hayo hayo."

Siku zile tisa zilikuwa na mpango wake. Kila mchana Mwinjuma alipenya jikoni kwa watu akachukua vijiko. Hakuwa na haja navyo. Alivipanga dirishani kwa urefu, akavisifu. Kila jioni Mwasiti alibeba kikapu akavirudisha, nyumba kwa nyumba, na majirani walimpokea kila mtu kwa namna yake.

"Leo kaniachia upawa," alisema mmoja, "Mungu amzidishie huruma."

"Mwambie mumeo aje na kwa mama mkwe wangu," alisema mwingine. "Amchukue mwenyewe, vijiko aache."

Wengine hawakutania. Mwinjuma alikuwa amekwisha kumwambia Naibu Mpambanuzi, sokoni, hadharani, kwamba uso wake ni kama kitako cha sufuria. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na ndiyo maana halikusameheka.

Siku ya nne Mwasiti alikuwa anapeta mchele, Feruzi ameketi kwenye ngazi, na Mwinjuma amelala kidogo. Mwasiti akaanza kusema bila kuinua macho.

"Miaka thelathini na moja, kaka. Kitanda alikichonga yeye, kabati yeye, hata hii ngazi uliyoikalia. Nikiumwa alikesha ameshika kikombe. Lakini neno hakunipa. Sikudanganywa, kibao kilisema haonyeshi la moyoni, nami niliolewa nimekisoma. Ila kusoma si kuzoea. Nililingoja neno lile mpaka nikaona aibu kulingoja." Akapeta, akapuliza. "Sasa limekuja. Mara arobaini kwa siku. Limekuja na mate, na vijiko vya watu."

"Na wewe unataka Baraza liseme nini?"

"Hapo ndipo ninapokatika. Wakisema amechagua, basi neno ni lake, lakini watampeleka mlimani. Mtu asiyeweza kuiacha randa, ukimpa nyundo atapasua mawe mpaka afe. Wakisema ameondoka, mawe atayaepuka, lakini neno litakuwa la mpangaji. Mimi nitakuwa sijapata kupendwa na mtu. Sasa nikose mume, nikose na neno?"

"Lakini wewe unamtaka nani? Yule wa kwanza, au huyu?"

Mwasiti akaweka ungo chini. "Namtaka yule wa kwanza aje aniambie neno la huyu."

Feruzi akainuka ngazini. Alitoka nje, akazunguka mtaa mzima akisoma vibao vya watu, asikumbuke hata kimoja.

Siku ya tisa, asubuhi, Baraza likajaa. Mpambanuzi Mkuu alikuwa mzee mkavu, mwenye sauti ya chini, anayeheshimiwa kwa kuwa hajapata kuonekana akisitasita. Kulia walikaa Wachaguzi, watu wa mlango wa kwanza, kushoto Waondozi, watu wa mlango wa pili. Makundi hayo mawili hayapatani kwa lolote ila hili: kwamba mlango wa tatu haupo. Mwinjuma aliketi katikati akisugua ukingo wa benchi kwa kiganja, huku na huku, kama aliyeshika randa.

Aliitwa kwanza daktari, kijana wa macho mekundu. Alisema ameona uvimbe ndani ya kichwa cha Mwinjuma, mdogo kama punje ya choroko, mbele, juu ya jicho la kushoto.

Mkuu wa Wachaguzi akasimama. "Daktari, choroko ndiyo iliyoiba vijiko?" Watu wakacheka, wakasema kwa pamoja kwamba wamechagua kucheka.

"Haikuiba. Imeminya mahali panapomzuia mtu."

"Panapomzuia! Ina maana kabla ya choroko hiyo, huyu bwana alikuwa haibi kwa sababu gani? Si kwa kuchagua?"

"Alichagua," daktari akasema, "kwa nyama hiyo hiyo, ilipokuwa nzima. Hakuna pengine pa kuchagulia."

Mpambanuzi Mkuu akainama mbele. "Kijana, unataka kuniambia uaminifu wangu mimi ni nyama nzima tu?"

"Ni wako, mheshimiwa. Lakini umeushikia kwa mkono ambao hukujipa mwenyewe. Ungetetemeka, ungekuponyoka."

Mpambanuzi akaamuru jibu lile lifutwe kwenye daftari, na daktari atolewe nje apate hewa. Mkuu wa Waondozi naye akasimama kwa furaha, akasema imethibitika sasa: Mwinjuma hayupo, kwa hiyo matanga yafanyike Ijumaa, na mpishi ameshapatikana. Mwasiti, aliyekuwa nyuma, akashika nguzo.

"Shahidi mgeni," akaita Kibwana.

Feruzi akasimama mahali pa kiapo. Kibwana akamsomea polepole: "Naapa kwamba jicho langu ni kavu. Sina hamu na mtu yeyote, aliye hai au aliyekwenda. Nikiamka simwiti. Nikila simbakizii."

"Naapa," Feruzi akaanza, "kwamba jicho langu…"

Watu wakangoja.

"Sema, mzee," Kibwana akamnong'oneza. "Ni maneno tu, hayang'ati."

"Siwezi."

"Hutaki au huwezi?" akauliza Mpambanuzi Mkuu, maana katika Bayana hilo ni swali kubwa.

"Mheshimiwa, mimi sijui inapoishia hutaki na inapoanzia huwezi. Ninachokijua ni hiki. Nina mke. Alinisahau, akanifukuza kwa mchi, nami nikasema si yeye, nikamwacha. Miaka sita nimekwenda nchi kwa nchi nikiwa na neno hilo, si yeye, si yeye, kama mtu anayelipia nauli. Lakini kuna jambo sijalisema kwa mtu. Siku ile ya mchi alikuwa anapiga kelele: 'Toka, mwizi! Toka, mume wangu asije akakukuta humu!' Alikuwa analinda nyumba yangu. Alinifukuza kwa ajili yangu. Basi aliyekuwa ndani ya mwanamke yule ni nani, kama si mke wangu? Uso wangu ulimpotea, lakini mimi nilikuwa bado nimo ndani yake. Huyu seremala sikumjua kabla. Nimemwona siku tisa akichukua cha mtu, akitukana watu, na kila anapomaliza ubao anamtafuta mtu mmoja kwa jina. Hayo ndiyo niliyoyaona. Kiapo chenu kinanishinda."

Mkuu wa Wachaguzi akaruka: ushahidi wa mtu asiyeapa ni upepo! Mkuu wa Waondozi akamuunga mkono, mara ya kwanza kwa miaka mingi. Mpambanuzi Mkuu akalikubali pingamizi, akaamuru atafutwe shahidi mwingine.

"Aliyemo humu asiye na hamu na mtu," akaita Kibwana, "asimame!"

Hakuna aliyesimama. Walikuwepo matajiri na wachuuzi, askari wanne wenye marungu, maharusi wa juzi, na kila mmoja aliangalia miguu yake. Mkuu wa Wachaguzi alijiinua nusu, akakumbuka kitu, akarudi chini. Kibwana mwenyewe alijishughulisha na wino.

Sheria inasema akikosekana shahidi, Mpambanuzi Mkuu ataapa yeye. Akasimama, akainua mkono wake mkavu. "Naapa kwamba jicho langu ni kavu," akasema kwa sauti ile ile ya chini. Kila mtu mle ndani alijua kuwa mama yake Mpambanuzi yumo Nyumba ya Wapangaji mwaka wa kumi na moja huu, na kwamba hati ya kuondoka kwake aliitia sahihi mwanawe mwenyewe, asiyesitasita. "Sina hamu na mtu yeyote, aliye hai…"

Mkono ukabaki juu. Ulikaa juu muda mrefu kupita adabu, ukatetemeka, ukashuka.

"Nimechagua kukaa," akasema. Hakuna aliyemwamini.

Hukumu ikaandikwa hivi: kesi ya Mwinjuma imesimama mpaka apatikane shahidi asiye na hamu. Na kwa kuwa mtu ambaye kesi yake imesimama hakuandikiwa mahali pa kwenda, aende nyumbani. Waandishi wa vibao walilalamika sana. Wakauliza mlangoni pake paandikwe nini. Hawakujibiwa. Mpaka leo, wanaotoka huko husema, mlango ule una misumari miwili na hauna kibao.

Walirudi adhuhuri, jua la utosi, watatu. Mwinjuma alikwenda kimya njia nzima. Hakuingia jiko la mtu, hakumtukana mtu. Wala neno lake hakulisema. Mwasiti alikuwa akimtupia jicho kila hatua, kama mtu anayengoja chungu kichemke, na kimya kile kilimzidia uzito: kilikuwa kimya cha zamani, cha miaka thelathini na moja, kimerudi bila kubisha hodi, na neno limeondoka nacho.

Wakafika mlangoni. Mwasiti akasimama, akamshika kiwiko.

"Mwinjuma," akasema. "Nakupenda."

Akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. Na Feruzi, aliyesimama nyuma yao, akafahamu kitu ambacho huenda mwenyewe Mwasiti hakukifahamu mpaka wakati ule: miaka yote hiyo alilingoja neno la mumewe, la kwake akiwa amelifungia.

Mwinjuma akamwangalia sana. Hakuna shahidi angeweza kuapa ni nani aliyekuwa akiangalia.

"Haya," akasema, akamfungulia mlango.

Mwasiti akaingia akicheka na kulia kwa pamoja, asitangaze kuwa amechagua. Feruzi hakuingia tena. Kifurushi chake alikiomba dirishani, akapewa na mkate juu yake.

"Unakwenda wapi, kaka?" Mwasiti akauliza.

"Narudi kwa mwenye mchi."

"Akikupiga tena?"

"Nitakuwa nipo karibu."

Njia tuiache, njia zote za kurudi zinafanana, ni ndefu na hazina mengi ya kusimuliwa. Alifika asubuhi moja ya manyunyu. Shemeji yake, Bi Kiboga, alimkuta kizingitini, akaweka mkono kiunoni.

"Lo! Mzimu au wewe?"

"Mimi, shemeji."

"Miaka sita! Ungekuwa mbuzi tungekwisha kukusahau hata rangi." Kisha akapunguza sauti. "Yupo uani. Lakini hakujui, Feruzi. Hata mimi siku nyingine ananiita mama. Usije ukataka akujue."

"Sitaki. Mimi namjua."

Mwanamvua alikuwa ameketi mkekani chini ya paa la ua, anachambua mchicha. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini vidole vilichagua majani kwa haraka yao ile ile, vikatupa mashina bila kuangalia. Akainua uso.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

Feruzi akaweka kifurushi chini. "Namtafuta Feruzi."

"Mume wangu?" Akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu anayesimulia utundu wa mtoto. "Umemkosa. Kasafiri. Yule miguu yake haikai."

"Amekwenda siku nyingi?"

"Aa, si nyingi. Juzi tu."

"Na atarudi?"

"Atarudi," akasema Mwanamvua, bila shaka hata kidogo. "Mtu wangu namjua." Akasogea, akampisha upande mmoja wa mkeka. "Kaa, umngoje. Mimi pia namngoja."

Feruzi akakaa. Akavuta shada moja la mchicha, akaanza kuchambua naye, na kila mlango wa ua uliposukumwa na upepo, waliinua macho wote wawili.